Mdaku Ndani ya Mkono

Kura ilipopigwa, Mwanahawa alikuwa amesimama nyuma kabisa ya ghala, karibu na marobota ya katani, na kusema kweli hakuwa akisikiliza hoja. Alikuwa akitazama mikono. Kati ya mikono yote iliyoinuliwa mbele yake, mingi ilikuwa imetoka katika karakana yake, na rangi yake ya udongo haikufanana na ngozi ya mtu yeyote, kwa hiyo aliweza kuitambua mmoja mmoja kwa mbali. Ule pale wa Mzee Hoza, uliorudishwa mara mbili kwa sababu mwenyewe alidai unamfinya. Ule pale wa mama yake mdogo, Bi Mwantumu, katika safu ya pili. Alijisikia fahari, na wala hakujionea haya.

Kwemvuko hawapigi kura kwa karatasi. Kila mtu huinua mkono, anayekubali na anayekataa, ili asiwepo wa kujificha: kiganja wazi ni ndiyo, ngumi ni hapana. Na mkono ni wa kulia. Wa kushoto una kazi zake ambazo kila mtu anazijua, na kumwinulia mwenyekiti ni kumtukana mbele za watu. Shida ni kwamba mashine za kuchakata mkonge, zile zilizoletwa katani ilipoanza kutakiwa kwa kuundia mabawa ya ndege, zilikuwa na haraka kuliko binadamu, na mlishaji hulisha majani kwa mkono wa kulia. Walioumia walikuja mikutanoni wakainua wa kushoto huku wakisema, "Samahani, mwenyekiti." Wengine waliona aibu wakaacha kuja. Mwanahawa alipowaletea mikono mipya, kitu cha kwanza walichoshangilia hakikuwa kushika kijiko. Walishangilia kuinua wa kulia.

"Mikono ibaki juu, ndugu wanachama," alisema Mwenyekiti Kupaza. "Jicho bado linahesabu."

Jicho lilikuwa kamera iliyofungwa ukutani nyuma ya meza yake. Halikuwa na ndugu wala jirani, ndiyo maana watu waliliamini. Swali lilikuwa moja: kampuni ya Nyuzi Anga ikodishiwe shamba lote kwa miaka thelathini na mitatu, au isikodishiwe. Shamba likienda, na nyumba zilizomo zinakwenda nalo, maana hakuna nyumba Kwemvuko isiyokaa ndani ya shamba. Kila mtu alijua jibu. Wiki nzima watu walikuwa wakiimba hapana, msikitini, kanisani, kwenye foleni ya maziwa, na Bi Mwantumu aliimba kwa sauti kuliko wote.

Ndipo Mwanahawa alipoutazama tena ule mkono wa safu ya pili. Kiganja kilikuwa wazi. Vidole vilikuwa vimenyooka na kuachana vizuri, kama siku ile alipovijaribu mezani.

Alidhani ameona vibaya. Akafuta miwani, akatazama tena. Kiganja kilikuwa wazi vile vile, na mama yake mdogo, shingo imesimama, alikuwa akimkazia macho mwenyekiti kama mtu aliyekwisha kukataa.

Matokeo yakatokea ukutani. Ndiyo ilikuwa imeshinda, kwa tofauti ndogo.

Kisha Bi Chausiku, aliyekaa nyuma ya Bi Mwantumu na ambaye nyumba zao zinapakana ukuta kwa ukuta, akasimama.

"Mwantumu! Hata wewe? Nimekuona kwa macho yangu haya mawili. Kiganja wazi!"

"Kiganja gani? Nimekunja ngumi mimi. Huu hapa!" Bi Mwantumu akaushusha mkono, akauonyesha. Ilikuwa ngumi kweli, tena iliyokazwa.

"Umekunja sasa hivi."

"Unaniita mwongo, Chausiku? Mimi?"

Maneno kama hayo yalikuwa yakirushwa kila safu. Watu waliozikiana na kuozeshana waliitana wanafiki. Mzee Hoza, ambaye tangu mwanzo alitangaza hadharani kwamba yeye anataka shamba likodishwe, alikaa akiutazama ugomvi, kwa mara ya kwanza akiwa mtu pekee asiyelaumiwa na yeyote. Mwenyekiti aligonga meza mpaka mkono ukamuuma. Mwishowe akasema kwamba katiba ya ushirika inaruhusu kura irudiwe mara moja tu ikiwa theluthi ya wanachama wanadai, na kwa kuwa naona ghala zima linadai, alisema, turudi hapa Jumamosi.

*

Mwanahawa alimfuata mama yake mdogo nyumbani. Bi Mwantumu ndiye aliyemlea tangu darasa la kwanza. Ndiye aliyemchapa kwa sababu ya uongo mdogo wa sukari, akamwambia kwamba mtu akikudanganya amekuibia. Na leo amesimama mbele ya watu akadanganya. Kama ameamua ndiyo, si aseme tu? Nyuzi Anga walimwahidi nini?

Alimkuta ameketi mkekani, ungo mapajani, anachambua mchele kwa hasira. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilishuka, vikaokota kijiwe, vikakitupa, vikarudi. Katika kazi zote za mkono ule, hakuna iliyomnyima Mwanahawa usingizi kama hiyo ya vidole viwili kukutana bila kuponda punje ya mchele.

"Mama mdogo, mimi nilikuwa nyuma kule."

"Najua. Nilikuona unaingia umechelewa, kama kawaida yako."

"Na mimi nilikuona. Kiganja kilikuwa wazi, mama."

Vidole vikasimama juu ya ungo. "Na wewe, Mwana?"

"Nimeona. Nisingesema kama sikuona."

Bi Mwantumu aliweka ungo chini. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Mwanahawa zaidi ya kelele. "Nilikunja ngumi hapa mapajani, nikaiangalia. Nikainua. Nikashusha, nikaiangalia. Ngumi. Hapo katikati nilikuwa namwangalia Kupaza. Wewe ukiinua mkono juu ya kichwa, unauangalia?"

Mwanahawa akainua wake juu ya kichwa, hakuuangalia. Mkono wa nyama humpa mwenyewe habari zake. Kidole kikinyooka anajua hata akiwa gizani. Mikono yake haikuwa na hisia. Hilo ndilo jambo alilowaomba radhi wote siku ya kuwakabidhi.

"Kunja tena, mama. Inua."

Bi Mwantumu akakunja, akainua. Ngumi ilibaki ngumi. Wote wawili waliikodolea macho.

"Haya," alisema Bi Mwantumu. "Nani mwongo hapa?"

"Niazime mkono wako. Nitaurudisha kesho."

Mama yake mdogo alifungua mikanda, akauvua, akamkabidhi bila kumtazama usoni. "Urudi na jibu," alisema. "Chausiku hajawahi kuniita mwongo tangu tumeolewa."

*

Karakana ya Unga Mkono ilikuwa nyuma ya kituo cha treni pale Korogwe. Jina lilikuwa la Yonazi Mchome, mshirika wake, ambaye alipenda utani kuliko chakula, na chakula alikipenda sana. Yonazi ndiye aliyemfundisha kulehemu nyaya alipokuwa bado msichana. Mwanahawa alimwita kaka, na hakumwita hivyo kwa adabu tu. Siku hiyo Yonazi alikuwa amekwenda Tanga kuchukua betri, kwa hiyo Mwanahawa alikaa peke yake mezani, akaufungua mkono wa mama yake mdogo.

Ndani ya kila mkono kulikuwa na mota tano ndogo na kichipu kimoja cha kuziongoza. Kukichagua kichipu hicho kuliwachukua msimu mzima wa mvua. Vingine vyote vilianguka njiani, kimoja kwa kula betri, kingine kwa kupata moto, na mezani vikabaki viwili. Cha kwanza Yonazi alikibatiza Bubu. Bubu aliongoza mota vizuri na hakuwa na redio. Alisikiliza tu waya uliotoka kwenye ukanda wa mkono wa juu, ule unaosoma misuli. Cha pili kilikuwa kidogo kuliko ukucha, na Yonazi alikiita Mdaku, kwa sababu hakinyamazi. Mdaku aliongea na ukanda bila waya. Aliongea pia na mnara, na kupitia mnara, na yeyote mwenye ufunguo wake.

Mwanahawa alimtaka Bubu. Lakini jasho lilikula nyaya za Bubu kabla ya mwezi kuisha, na vifungio vya hizo nyaya viliongeza uzito, na mkono mzito mwenyewe huuacha umetundikwa ukutani. Mdaku alikuwa mwepesi. Tena mkono ukikwama huko mashambani, Yonazi aliweza kuutengeneza akiwa hapo mezani na kikombe chake cha chai.

"Unataka bibi wa watu aje mpaka Korogwe na kidole kilichokwama," alimuuliza wakati ule, "kwa sababu wewe unaogopa redio?"

Siku chache baadaye Yonazi alikuja na habari kwamba amempata mfadhili wa kuwapa Mdaku wote wanaowahitaji. Mwanahawa aliruka kwa furaha. Hakuuliza mfadhili ni nani, maana aliyesema ni Yonazi.

Programu ya mkono ilikuwa na matabaka mawili. La juu, linalogeuza habari za misuli kuwa mwendo wa vidole, aliliandika Mwanahawa. La chini, linaloamka kwanza na kushughulika na redio, lilikuwa la Yonazi na lilifungwa kwa ufunguo wa Yonazi. Kulibadilisha bila ufunguo haiwezekani, ila kulisoma inawezekana, na Mwanahawa hakuwahi kulisoma. Mtu haingii chumbani kwa kaka yake kupekua.

Sasa aliingia. Alichomeka waya, akasoma mstari kwa mstari. Yonazi alikuwa na mazoea ya kuvipa vipande vya programu majina ya vyakula: cha betri aliita muhogo, cha kuhesabu joto aliita pilipili. Walikuwa wakicheka sana kwa hayo. Mwanahawa alivijua vyote, alidhani, mpaka alipofika karibu na mwisho akakutana na kipande kinachoitwa makande, ambacho hakuwahi kutajiwa.

Kilikuwa kifupi. Mkono ukipita usawa wa bega, na neno fulani likija kutoka mnarani, usisikilize ukanda. Fungua vidole vyote. Mkono ukishuka, virudishe vilivyokuwa.

Alikisoma tena kwa tamaa ya kipumbavu kwamba amekosea. Kisha akainamisha kichwa juu ya meza, pembeni ya ule mkono uliofunguliwa, akalia kwa uchungu.

*

Asubuhi Yonazi aliingia na boksi la betri begani na mfuko wa vitumbua. Aliuona mkono mezani, akaona na uso wa Mwanahawa, akatua boksi taratibu.

"Makande ni nini, kaka?"

"Umelisoma tabaka langu."

"Ni nini?"

Yonazi alivuta kigoda. Hakujaribu kukana, na Mwanahawa alimchukia kwa hilo, kwa sababu alikuwa amejiandaa kumkamata na uongo. "Ni sharti," alisema. "Nyuzi Anga ndio waliotupa Mdaku. Walitaka vitu viwili: kile kipande, na ufunguo wangu. Niliwapa."

"Uliwapa mikono ya watu."

"Niliwapa watu mikono! Mwanahawa, tulikuwa na mikono mitatu ya mfano na deni la soda. Bila wale jamaa, mama yako mdogo angekuwa mpaka leo anachambua mchele kwa meno. Walisema ni tahadhari tu, pengine hawataitumia."

"Tahadhari ya nini? Kipande kinasubiri mkono upite bega. Kwemvuko nani anainua mkono juu ya bega isipokuwa kwenye kura?"

Yonazi alitazama vitumbua vyake.

"Uliandika wewe mwenyewe," alisema Mwanahawa. "Ulikaa hapo, mimi nimekaa hapa, ukaandika. Ukanipa na chai."

"Ningewaachia waandike wao wangeharibu mikono yote. Mimi angalau nilihakikisha haimuumizi mtu."

Hapo Mwanahawa alicheka, kicheko kibaya kisicho na raha. Ilimuuma kuona kwamba Yonazi anaamini anachokisema. Angekuwa tapeli tangu mwanzo, ingekuwa nafuu.

"Kitoe," alisema.

"Siwezi. Walibadilisha kufuli. Tabaka la chini ni lao sasa." Alisogeza kigoda karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Lakini la juu bado ni lako. Unaweza kuandika amri ikaze mota kwa nguvu mkono ukipita bega. Wao watafungua, wewe unafunga, na kwako ndiko kunakoamua mwisho. Jumamosi itatoka hapana. Shamba litabaki, mikono itabaki, hakuna atakayejua kitu. Mimi nitanyamaza. Nifanye nini zaidi, dada yangu?"

Yonazi aliposhika mlango kutoka, alisimama kidogo kama anayengoja kuitwa. Hakuitwa.

Na Mwanahawa aliiandika amri ile. Tusimpambe. Aliiandika mchana huo huo, ikawa mistari michache, akaijaribu kwa mkono mpya kutoka rafuni, na ngumi ikakaza vizuri sana. Shamba lilikuwa katika mistari ile, na nyumba ya mama yake mdogo, na kaburi la mama yake mzazi lililo nyuma ya kambi ya wafanyakazi wa shamba. Kilichobaki ni kubonyeza itumwe kwa mikono yote.

Ila alikuwa amemkumbuka Mzee Hoza. Mzee Hoza anataka ndiyo. Amechoka na mkonge, anataka mgawo wake ahamie kwa binti yake Handeni, na ameyasema hayo mchana kweupe huku watu wakimzomea. Jumamosi angeinua kiganja kilicho wazi, na juu ya kichwa chake, asikokuona, Mwanahawa angemkunjia ngumi. Alijaribu kukitafutia kitendo hicho jina tofauti na lile la kitendo cha Yonazi. Hakulipata.

Kuchomoa betri kusingetosha, maana Mdaku ana akiba ndogo ya umeme ya kufungulia vidole. Ilibaki njia moja tu, na ilikuwa mbaya. Ndani ya Mdaku kuna fyuzi ya redio, ndogo isiyoonekana, iliyowekwa na watengenezaji wake kwa ajili ya sehemu ambazo redio hazitakiwi. Hata tabaka la juu linaweza kuichoma, na ikichomwa, redio imekufa, na hakuna mnara utakaomfikia tena. Lakini ukanda nao huongea kwa redio hiyo hiyo. Mkono ungekuwa salama kabisa, na usingekunja hata kidole.

*

Bi Mwantumu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Mkono wake ulikuwa umerudi mahali pake, umelala mapajani.

"Kwa hiyo mkono wangu una mlango," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na huyo Yonazi amewapa watu ufunguo."

"Ndiyo."

"Wewe ulijua kuna mlango?"

Mwanahawa alikuwa amepanga maneno mengi ya kumshtaki Yonazi. "Nilijua," alisema. "Niliuweka kwa ajili ya matengenezo. Sikujua nani atapita."

"Mimi nakaa katika nyumba ya vyumba viwili," alisema Bi Mwantumu, "na hata Chausiku, tunayepakana naye ukuta, hapiti mlangoni kwangu bila kupiga hodi. Wewe ulinitilia mlango mwilini hukuniambia. Mmekuwa mnaingia na kutoka, wewe na rafiki yako, mnakunywa chai. Hodi yenu niliisikia lini?"

"Tulikuwa tunatengeneza tu, mama mdogo."

"Nimekuuliza hodi."

Mwanahawa alikuwa amekuja na jeraha lake, akitaka aonewe huruma kwa kusalitiwa na mtu aliyempenda, na sasa aliona kwamba mbele ya mkeka huu hakuna tofauti kubwa kati yake na huyo mtu.

"Nikuchomee fyuzi?" aliuliza. "Uamue wewe."

"Usije kuniuliza mimi chumbani. Kawaulize wote, mbele ya Kupaza. Na uyaseme yote, hata lako."

*

Jumamosi aliyasema yote ghalani, na lake akalitanguliza. Ghala lilimsikiliza mpaka alipofika kwenye neno mlango, na baada ya hapo ilimbidi ayamalizie kwa kupiga kelele. Mtu mmoja alimwita mwizi. Mwingine alivua mkono wake akautupa kwenye marobota. Lakini jambo moja Mwanahawa hakulitarajia: katikati ya matusi, watu walianza kugeukiana. Bi Chausiku alimtazama Bi Mwantumu, akautazama na mkono wake.

"Sasa tutapigaje kura?" aliuliza Mwenyekiti Kupaza. "Katiba inasema mikono. Haisemi karatasi."

"Wainue kushoto," alisema mtu. "Leo tu. Tumewasamehe kabla."

Bi Mwantumu alisimama. "Nimeinua kushoto miaka na miaka, nikiomba radhi kwa kosa la mashine. Siinui tena. Mwana, njoo hapa."

Mwanahawa alisogea na simu yake, ambayo ndani yake kila mkono ulikuwa na jina la mwenyewe.

"Ukikata, vidole vinabaki vipi?"

"Vinabaki vilivyo, mama. Gia zake hazirudi nyuma mota ikizima. Havitajongea tena."

"Hata kwa kuvuta?"

"Utavivunja."

Bi Mwantumu alikaa. Aliuweka mkono mapajani, akaunyoosha, akavikunja vidole kimoja kimoja kuanzia kidogo, taratibu, kila kimoja kwa zamu yake. Vile viwili vya mchele alivigusanisha kwanza, akavitazama vikiwa hivyo. Kisha akavikunja pamoja na vingine, akafunga gumba juu yake.

"Kata," alisema.

Mwanahawa alibonyeza. Hakukuwa na mlio wala moshi. Bi Mwantumu akainua ngumi juu ya kichwa, na safari hii akageuza shingo akaitazama.

Mwanahawa alipita safu kwa safu. Alisimama mbele ya kila mmoja akauliza, "Nikate?" na hakubonyeza kabla ya kusikia. Wengi walikunja ngumi. Wachache walisema usikate, mimi nina mtoto wa kunyonyesha, mimi nashona, wakauvua mkono wakauweka chini ya benchi, wakaikosa kura yao wakitazama sakafu. Hakuwabembeleza.

Mzee Hoza alikuwa amekwisha kuufungua wake, vidole vimenyooka juu ya goti. "Mimi ni ndiyo," alisema kwa sauti ya kusikika mbele na nyuma. "Nimesema ndiyo, na nasema tena. Nikatie hivi hivi. Na mtu asije kusema kesho Hoza alifunguliwa."

"Utabaki na kiganja wazi, mzee. Hutashika kitu."

"Nimekusikia. Kata, binti."

Akakata. Mzee akainua kiganja chake kati ya ngumi za majirani zake, na hakuna aliyemzomea.

Jicho likahesabu. Hapana ilishinda kwa mbali, na hata hivyo namba za ukutani zilionekana ndogo sana kwa gharama yake. Hakukuwa na shangwe mara moja. Watu walishusha mikono wakaiangalia. Mama mmoja alijaribu kuinua ndoo ya maji ya kunywa aliyokuja nayo, kwa kusahau, ngumi ikagonga mpini, ndoo ikamwagika. Ndipo mtu akaanza kuimba, na wengine wakaitikia, na shamba likawa la Kwemvuko tena.

Walitoka wakiimba. Mlangoni walisimama kupongezana, ngumi ngumu zikigongana na viganja, na Bi Chausiku alikuwa ameikumbatia ngumi ya Bi Mwantumu kwa mikono yake yote miwili, analia, anaomba radhi. Mwanahawa alisimama kando ya mlango huo huo, mahali ambapo kila anayetoka lazima ampitie.

"Mama mdogo," alisema, "nitawatengenezea mingine. Ya waya. Ya Bubu. Nitamweleza kila mtu kilichomo kabla hajavaa."

Bi Mwantumu alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ungo. "Tutaona," alisema, akapita.

Wengine wakapita nyuma yake, Mzee Hoza na kiganja chake, yule mama wa ndoo, washonaji na mikono yao kwapani, mpaka ghala likabaki tupu. Mwanahawa alikuwa amewapa wote hao mikono. Hakuna hata mmoja aliyempa mkono.